Pima Mia za Mwajabu

Siku Wazungu walipokubaliana kwamba ghuba ile ilikuwa nzuri kuliko zote za upande ule wa Dar es Salaam, Mwajabu binti Shomari alikuwa amezama kwenye tope mpaka magotini, ananuka, na hana habari. Alikuwa amekuja pale tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na sasa mvi zilikuwa zinamchungulia, lakini hakuwahi kuambiwa kwamba mahali penyewe ni pazuri. Kama mtu angemwuliza ghuba hii ina nini cha maana, angejibu bila kufikiri kwamba ina tope zuri.

Watu wa Temeke na Mtoni waliiita Kwa Makumbi. Upande wa kaskazini palikuwa na jabali la matumbawe, limeliwa na maji chini hata likainamia bahari, na ndani yake pango kubwa lililojaa popo. Chini ya jabali, maji yakishakupwa, ilitokea chemchemi katikati ya mchanga, maji baridi na matamu, yanabubujika bila kuijali chumvi iliyoyazunguka. Halafu ukaja ufuko mweupe wa hatua mia hivi, kisha mikoko upande wa kusini. Na kati ya mchanga na mikoko ndipo palipokuwa na lile tope, jeusi, laini, la kuushika mguu lisitake kuuachia. Mgeni yeyote alitazama jabali, chemchemi na mchanga, akashusha pumzi. Tope alilikanyaga kwa bahati mbaya.

Makumbi ya nazi huzikwa kwenye tope la namna hiyo, mahali bahari inapofika na kurudi. Unayawekea mawe juu yasielee, unayaacha miezi tisa. Nyama yake inaoza, zinabaki nyuzi. Ukiyafukua mapema hayapigiki. Ukichelewa sana unafukua uji. Yakiwa tayari unayapiga kwa rungu, unapata usumba, na usumba unausokota viganjani mpaka unakuwa kamba. Ni kazi ya wanawake, na harufu yake si ya kuzungumzwa watu wakila. Wanawake watano walikuwa na mashimo pale, kila mmoja alirithi la mama yake, na hakuna aliyegusa la mwenzake. Manne yalikuwa upande wa mikoko, likiwamo la Mwajabu. La tano, la Jokha, lilikuwa peke yake karibu na chemchemi, kwenye kijisehemu cha tope kilichojificha nyuma ya mwamba, maana mama yake alikuja mwisho akakuta kwingine kumejaa.

Jokha alikuwa na babu Mwarabu aliyewahi kumiliki minazi mpaka mtu achoke kuhesabu. Mashamba yaligawanywa, yakagawanywa tena, na ilipofika zamu yake Jokha, akarithi pua na makumbi. Yeye na Mwajabu walikuwa mashoga tangu mama zao. Mama hao wawili walikuwa na jiwe moja la kusagia, na lilipovunjika katikati, kila mmoja alichukua nusu yake akaenda kuiweka juu ya shimo lake kama alama.

Sasa, mwaka ule wa hamsini, Mwajabu alikuwa na jambo moja tu rohoni: nyumba. Aliolewa mara mbili, akaachika mara mbili, na mara ya pili alishukuru. Tangu hapo aliishi kwa kaka yake Temeke, na wifi yake alikuwa na macho ya kuhesabu punje za wali kwenye sahani ya mtu. Kwa hiyo yeye na Jokha walipata kiwanja, wakasimamisha miti, wakakata fito. Nyumba ya vyumba viwili: cha mbele cha Mwajabu, cha uani cha Jokha. Walikubaliana kila mtu afunge fito za chumba chake kwa kamba za shimo lake mwenyewe. Shimo la Mwajabu lingekuwa tayari kabla ya masika, la Jokha miezi miwili baadaye. Miti ilisimama pale uchi inangoja kamba. Hashil mwenye duka alimwambia Mwajabu achukue kamba ya katani aachane na taabu. Mwajabu, ambaye nusu ya vitanda vya Temeke vilikuwa vimefumwa kwa kamba zake, alimtazama Hashil mpaka akaacha kucheka.

Ndipo akaja Bwana Miwani.

Jina lake la kweli lilikuwa na herufi nyingi na wanawake hawakujisumbua nalo. Alitoka ofisi moja ya serikali mjini, kijana mwekundu, mpole, mwenye miwani minene, aliyefaulu mtihani wake wa Kiswahili na kukipenda. Aliandamana na karani wake Adelard, mtu wa Bukoba, mrefu kama mlingoti, kaptula imenyooka pasi mpaka unaogopa kuigusa. Bwana Miwani alizunguka ghuba nzima akitoa kofia na kuivaa. Kisha akapigilia vijiti mchangani.

"Shikamoo, mama," Adelard alimwambia Mwajabu, akisimama mbali kidogo kwa sababu ya harufu. "Patajengwa vibanda hapa, vya Wazungu kubadilishia nguo wakitaka kuogelea. Haya makumbi yenu yataondolewa."

"Yataondolewa lini?"

"Mwezi ujao."

"Mwezi ujao ni mabichi."

"Mama, yananuka," Adelard akasema, na kwa kweli hakuwa na cha kuongeza.

Jioni ile wanawake watano walikaa juu ya ngazi ya jabali wakalia na kutukana kwa zamu. Aliyeacha kwanza ni Jokha.

"Mzungu haogopi serikali, ni yake," akasema. "Lakini mzimu anauheshimu. Nimesikia mahali fulani barabara ilipindishwa kisa mzimu wa watu."

"Mzimu gani, Jokha? Humo pangoni mna popo tu."

"Popo watasema?"

Basi walitengeneza mzimu. Walinunua bafta nyeupe na nyekundu kwa Hashil, ambaye aliuliza nani kafa. Waliichanachana, wakaitundika kwenye moshi wa jikoni siku tatu, wakaichovya baharini, wakaianika, mpaka ukiitazama unaapa imerithiwa. Wakafunga vitambaa vile mdomoni mwa pango. Wakaweka chetezo kilichovunjika, chungu kilichopasuka, na chupa ya marashi iliyokwisha marashi. Mwajabu aliona haya kidogo, kwa sababu alikuwa mtu wa kuswali. Lakini alipokumbuka macho ya wifi yake, haya ikapungua.

Bwana Miwani alipoona vitambaa, uso wake ulifunguka kwa furaha hata wanawake wakamwonea huruma. Alivua kofia na hakuirudisha. Akauliza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chake cha mtihani, "Je, mlinzi wa mzimu huu ni nani?"

Jokha alimpiga Mwajabu kiwiko cha mbavu.

"Mimi," akasema Mwajabu.

"Na mzimu unaitwa nani?"

"Hautajwi."

Bwana Miwani aliinamisha kichwa kwa heshima. Hilo alilitegemea. "Na unapenda nini? Hautaki nini?"

Hapa Mwajabu angeweza kusema chochote. Angeweza kusema mzimu hautaki kelele, au hautaki Wazungu wenye nguo fupi, ingetosha. Lakini macho yake yaliangukia vile vijiti vilivyopigiliwa mchangani, na hasira ikampanda. Akasema kwa sauti ya mtu aliyetumwa, "Hautaki mchanga wake uchimbwe! Hata kwa kijiti. Wala tope lake lisiguswe. Atakayechimba hapa, huyo mzimu haumwachi!"

Adelard aliandika yote kwa wino. Aliandika kwa hati nzuri sana, ya seminari.

Vijiti viling'olewa siku ileile. Wanawake walirudi wakicheka njia nzima, na Jokha aliigiza ule uso wa Bwana Miwani mpaka wakaomba aache. Nadhani hawakuwahi kufurahi vile tena, na tuwaache wafurahi, kwa sababu furaha yenyewe ilidumu wiki tatu.

Baada ya wiki tatu kiliwekwa kibao, na chini ya kibao akawekwa askari. Wanawake hawakujua kusoma, hivyo Adelard aliwasomea: mahali hapa ni pa mzimu wa wenyeji, pamehifadhiwa; ni marufuku kuchimba, kuvua, kuloweka, au kuondoa kitu chochote.

"Hongereni," akasema. "Bwana amepigania sana jambo lenu. Vibanda vimepelekwa kwingine."

"Na makumbi yetu?"

Adelard alifikiri. Alikuwa mtu wa haki. "Mama, kuyatoa ni kuchimba."

Mwajabu alikwenda mjini kwa miguu. Alivaa buibui lake zuri, akajipaka marashi mengi, akasimama mbele ya meza ya Bwana Miwani, akamwambia kwamba mzimu umebadili mawazo. Umemjia ndotoni. Sasa unataka makumbi yatolewe.

Bwana Miwani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua faili, akamsomea maneno yake mwenyewe, tarehe na saa, hata lile la kijiti. "Bi Mwajabu," akasema kwa upole, "haya ni maneno ya kale. Tusiyabadili kwa ajili ya shida ya leo. Vizazi vijavyo vitatulaumu."

Mwajabu alirudi, akalala siku mbili. Siku ya tatu akasema liwalo na liwe, akaenda tena mjini. Safari hii alisema kweli. Alisema hakuna mzimu. Alisema bafta ni ya Hashil, moshi ni wa jikoni, chetezo ni cha Jokha, kilivunjwa na mbuzi. Alisema aliyatunga yale maneno pale pale akiwa amesimama. Alisema yote hayo machozi yakimtoka, kwa sababu haikuwa rahisi kwa mwanamke wa umri wake kusimama mbele ya kijana na kujiita mwongo.

Bwana Miwani aliweka kalamu chini. Macho yake nayo yalikuwa na maji nyuma ya miwani.

"Nilisoma juu ya jambo hili," akasema. "Walinzi wa kweli hukana mbele ya wageni. Usiogope, Bi Mwajabu. Siri yako iko salama kwangu."

Na Adelard akaandika kwenye faili kwamba mlinzi alikana, kama ilivyo desturi.

Huku nyuma watu nao hawakukaa bure. Mahali ambapo serikali imeweka kibao na askari si mahali pa mchezo. Walianza kuja kutoka Buguruni, wakaja wa Kinondoni, wakaja hata wa Kipawa, na nadhiri zao na vitambaa vyao, wakafunga juu ya vile vya jikoni. Hashil aliagiza bafta zaidi, na ubani, na marashi, na akawa anamwamkia Mwajabu kwanza. Mpaka yule wifi alianza kumjazia sahani, na hilo lilimwuma Mwajabu kuliko njaa. Miti ya nyumba ikazidi kukauka kiwanjani. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kujikusanya, na makumbi yake chini ya tope yalikuwa yamefika. Alijua, kwa sababu alihesabu, na kwa sababu askari alikuwa amelalamika kwamba harufu imebadilika.

Aliyemwokoa, kama ni kuokoa, ni Bwana Miwani mwenyewe. Alitaka kuuzungushia mzimu uzio. Aliweka waya, chumvi ikaula. Akaweka kamba ya katani, ikaoza kabla ya mwezi kwisha. Mzee mmoja wa forodhani akamwambia kwamba kamba isiyoogopa maji ya chumvi ni ya usumba tu. Adelard akatumwa Temeke kutafuta msokotaji bora, na kila aliyemwuliza alinyoosha kidole upande mmoja.

"Pima mia," akamwambia Mwajabu. "Za kuzungushia mzimu."

Ilimwingia Mwajabu polepole kwamba alikuwa anatakiwa asokote kamba ya kujifungia nje ya shimo lake. "Usumba wangu uko ndani ya mzimu wenu," akasema.

Adelard alirudi mjini, akaja na karatasi. Mlinzi ameruhusiwa kufukua shimo moja, siku moja, kwa kazi ya mzimu wenyewe.

Siku ya bamvua, maji yalipokwenda mbali kabisa, wanawake wote watano waliingia. Askari alijifunga leso puani, akasimama juu ya jabali. Makumbi ya Mwajabu yalitoka meusi, laini, yamefika sawasawa. Jokha alikwenda kwenye shimo lake, akainua nusu ya jiwe la kusagia, akavuta kumbi moja, akaliminya kwa ukucha.

"Bado miezi miwili," akasema. Akalirudisha. "Mie nitasubiri. Watatupa karatasi nyingine."

Walipiga makumbi siku nne na kusokota wiki tatu, Jokha akiwa mstari wa mbele. Mwajabu aliipima kamba kama alivyofundishwa na mama yake, mikono imenyooshwa, kutoka ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, akihesabu kwa sauti. Hakupunja hata shubiri. Pima mia zilipotimia, kilichobaki kilitosha kufunga chumba kimoja. Alikiweka kando, akakifunika kwa mkeka, akashukuru Mungu.

Nguzo zilikuwa zimeshasimikwa kuzunguka ghuba nzima, jabali, chemchemi, ufuko na tope lote mpaka mikokoni. Wakaanza kuzungusha. Kamba ikaenda, ikaenda, ikaisha. Bwana Miwani alitoa futi yake ya mkunjo, akapima, akapata upungufu wa futi mia nzima.

"Bi Mwajabu, hizi ni pima mia?"

"Mia, Bwana. Nimepima mwenyewe."

"Pima moja ni futi sita."

"Pima moja ni hii," akasema Mwajabu, akanyoosha mikono.

Wote wakatazama. Mwajabu alikuwa mfupi. Akisimama karibu na Adelard alimfika kwapani. Bwana Miwani alimwambia Adelard naye anyooshe. Akanyoosha, na ikaonekana kwamba serikali ilipima kwa mikono ya Adelard, lakini kamba ilisokotwa na Mwajabu. Bwana Miwani alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kamba nyingine, kwa alivyojua yeye, haikuwapo, na picha za kupeleka kwa wakubwa zilitakiwa juma lile. Akasema mpaka utasogezwa tu.

"Ama tuache nje upande wa mikoko," akasema, "ama tuache nje upande wa chemchemi. Wewe ndiye mlinzi. Mzimu unapenda upi?"

Upande wa mikoko kulikuwa na shimo lake. Upande wa chemchemi kulikuwa na la Jokha.

Mwajabu hakumtazama Jokha, ingawa alimsikia anavyopumua. Alijiambia mambo mengi kwa muda mfupi. Alijiambia kwamba mikokoni kuna mashimo manne, na kule ni moja. Alijiambia kwamba chemchemi ni ya mzimu, Bwana hatakubali. Alijiambia kwamba shimo la mama ni la mama. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

"Wa mikoko ubaki nje," akasema.

Adelard akaandika.

Chumba cha mbele kilifungwa fito, kikaezekwa makuti. Siku ya kukandika walikuja majirani wote, kama ilivyo ada, na Jokha akaja, maana kutokuja kungekuwa ni kutangaza vita. Alitupa udongo vizuri kuliko wote. Alikula wali. Alinawa. Chumba cha uani kilibaki miti mitupu, unaona kwa jirani. Karatasi nyingine ilikuwa imeombwa, na faili lilijibu kwamba mpaka umeshapigwa picha.

Wengine walipoondoka, Jokha alimshika Mwajabu vifundo vya mikono, akainyoosha mikono yake huku na huku, akaitazama kama anayenunua.

"Kweli mifupi," akasema. "Lakini kwako ilifika."

Akatwaa kanga yake akaenda.

Mwajabu alikaa kwenye nyumba aliyoitamani miaka yote. Mvua ikanyesha, haikuvuja hata tone, na alichukia kila sehemu kavu ya nyumba ile. Alikuwa ameutunga uongo akaambiwa ni kweli, akasema kweli akaambiwa ni uongo, na hayo yote aliyastahimili. Lakini lile la pale nguzoni hakutungiwa na mtu. Na alimkumbuka mno Jokha.

Siku ya tano alikumbuka kwamba yeye ni mlinzi.

Askari alikuwa ameondolewa baada ya uzio. Kwa amri ya serikali, mtu mmoja tu aliruhusiwa kuvuka kamba, kwenda kufagia pango na kuondoa sadaka zilizonyauka. Mwajabu alichukua ufagio na kikapu kikubwa, mchana kweupe, akawaamkia wenye nadhiri waliokuwa wanangoja nje ya kamba, akaingia. Alifagia. Kisha akapita nyuma ya mwamba, akasogeza nusu ya jiwe la kusagia, akatoa makumbi, ambayo sasa nayo yalikuwa yamefika, kiasi cha kujaza kikapu, akayafunika kwa vitambaa vikuukuu na maua yaliyooza. Alipotoka na ile harufu, watu walirudi nyuma.

"Leo mzimu umekasirika," mmoja akanong'ona.

"Sana," akasema Mwajabu.

Alikitua kikapu mlangoni kwa mjomba wa Jokha, ambako Jokha alikuwa akiishi, akaondoka bila kubisha hodi. Kesho yake akarudia. Keshokutwa akarudia. Mara ya tatu alikuta kikapu cha jana kimeoshwa na kuwekwa nje. Mara ya sita alisikia rungu uani.

Siku moja, katikati ya masika, njiani alikutana na mke wa Adelard. Kokushubila alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mwenye rozari shingoni na miaka mitano ya ndoa bila mtoto. Alikuwa amekuja pangoni kwa kujificha, akafunga kitambaa chake, akajuta, akaungama kwa padre. Sasa alipiga magoti kwenye matope mbele ya Mwajabu, na tumbo lake lilikuwa limeanza kuonekana.

"Mama, nimepata," akasema. "Naomba nikubebee kikapu. Niruhusu tu."

"Kizito, mwanangu. Na kinanuka."

"Ndiyo nataka."

Kikapu kiliondoka kikiwa kichwani kwa mwalimu. Alitembea nacho wima mpaka nyumbani kwa mjomba wa Jokha, maji ya makumbi yakimtiririkia gauni, akiimba kwa chini wimbo wa kanisani. Mwajabu alifuata nyuma. Alitaka kucheka, ikamtoka kwikwi. Jokha alikuwa mlangoni. Alimwona mwalimu, akaona kikapu, akamwona Mwajabu nyuma yake amefunika mdomo kwa kanga, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kamba midomo yake ikamcheza.

"Weka hapo, mwalimu," akasema kwa adabu kubwa. "Mzimu utakulipa."

Siku ya mwisho Mwajabu alitoka na nusu ya jiwe la kusagia ndani ya kikapu. Baada ya wiki chache Jokha alikuja kiwanjani na kamba yake imeviringwa begani, akaitupa chini.

"Nyoosha mikono," akasema.

"Pima zangu fupi, shoga. Chumba kitakuwa kidogo."

"Nyoosha."

Akaipima kamba yote kwenye kifua cha Mwajabu, pima kwa pima, na wakafunga fito siku hiyohiyo.

Kiangazi kilipoingia walizika makumbi mapya, ya wote wawili, katika shimo moja la mikokoni, na juu yake wakaweka zile nusu mbili za jiwe. Hawakuzipanga kwa maana yoyote. Zilikutana tu, kwa sababu ndivyo zilivyovunjika. Bwana Miwani alipokuja kukagua, aliliona jiwe lile, akavua kofia.

"Hili halikuwapo," akasema. "Mzimu umevuka mpaka?"

Jokha akainua kiwiko. Mwajabu aliwahi kusogea.

"Tutaongeza uzio," Bwana Miwani akasema kwa furaha. "Pima thelathini. Na safari hii, Bi Mwajabu, kwa mikono ya Adelard."

"Sawa, Bwana. Makumbi yakiiva."

"Yataiva lini?"

Mwajabu alilitazama tope, akalifikiria kwa makini, jinsi mtaalamu anavyofanya. "Baada ya miezi tisa," akasema.

Miezi tisa ilipopita Adelard alitumwa kuuliza. Alikuja na mtoto mgongoni, jambo ambalo karani hafanyi, lakini mama yake mtoto alikuwa amekwenda kufunga kitambaa cha shukrani na hakutaka ijulikane. Uani, wanawake wawili walikuwa wanasokota usumba mweupe mpya, lundo lake linafika kiunoni.

"Bwana anauliza makumbi," Adelard akasema. "Yameiva?"

Mwajabu alilitazama lundo, akamtazama mtoto, akamtazama Adelard.

"Bado mabichi," akasema.

Adelard alitoa kalamu yake ya wino, akamweka mtoto vizuri mgongoni, na kwa ile hati yake ya seminari akaandika: bado mabichi. Na kwa kuwa imeandikwa kwenye faili, ndivyo yalivyobaki mpaka Bwana Miwani alipohamishwa.